Torenti Inatambaa Ilhali Kipimo cha Kasi ni Kizuri

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari na naishi Uyole, Mbeya. Nyumbani natumia ruta ya 4G yenye laini ya simu, na kifurushi ninacholipia ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Nikipima kasi kwenye kompyuta napata 18 za kupakua na 4 za kupakia. Nataka kupakua mfumo endeshi wa Ubuntu kwa ajili ya kompyuta za maabara ya shule, kisha Wikipedia ya Kiingereza, ile inayosomwa bila intaneti. Vyote nimeamua kuvichukua kwa torenti, yaani kwa kubadilishana vipande vya faili na watu wengine mtandaoni, kupitia programu ya qBittorrent, kwa kuwa umeme ukikatika programu huendelea pale ilipoishia. Lakini kasi haizidi kilobaiti 180 kwa sekunde ingawa washiriki wapo kwa mamia, na torenti ikianza tu simu zote za nyumbani zinakwama, hata ujumbe wa WhatsApp hauendi. Fundi mmoja ameniambia nifungue poti kwenye ruta, yaani mlango wa kupokea miunganisho kutoka nje, mwingine anasema niweke VPN, ile inayopitisha data kwa siri kupitia seva nyingine, wa tatu anataka ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Nianze na lipi?

JIBU: Mwalimu, usianze na lolote kati ya hayo matatu. Katika maelezo yako umetaja dalili moja ambayo mafundi wote watatu wameipita, nayo ni kukwama kwa simu za nyumbani, na hiyo ndiyo tutakayoifuata. Ila kabla ya hapo tuweke hesabu sawa.

Kampuni za simu huuza kasi kwa megabiti, programu za kupakua huonyesha kilobaiti au megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 18 unazopimiwa ni megabaiti 2.25 kwa sekunde, na hata mambo yakienda vizuri usitarajie kuona zaidi ya 2 hivi, kwa sababu sehemu ya njia hutumiwa na taarifa za uendeshaji wa mawasiliano yenyewe. Kilobaiti 180 ulizonazo ni kama megabiti 1.4, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya unachostahili. Faili la Ubuntu, ambalo siku hizi lina takriban gigabaiti 6, lingeweza kumalizika ndani ya saa moja, lakini kwako linachukua zaidi ya saa tisa. Tatizo lako ni la kweli. Nalisema hilo waziwazi kwa kuwa wengi wanaouliza swali kama lako, wakishagawanya kwa nane, hukuta kwamba hawadai mtu chochote.

Pili, kipimo cha kasi na torenti havipimi kitu kimoja. Kipimo huvuta data kutoka seva iliyochaguliwa kwa kuwa karibu, kwa sekunde chache tu, na hupima kupakua kwanza, kisha kupakia. Torenti hufanya yote mawili kwa pamoja, kwa saa nyingi, na makumi ya watu waliotawanyika Ulaya, Marekani na Asia. Bram Cohen alipoubuni utaratibu wa BitTorrent mwaka 2001, aliligawa faili katika vipande vidogo na kuweka kanuni kwamba anayetoa vipande ndiye anayependelewa kupewa. Ni kweli kwamba wale walio na faili zima hawahitaji chochote kutoka kwako, lakini washiriki wengine wote wanakupimia kwa unachowapa. Ndiyo maana njia ya kupakia, ambayo wateja wengi wa intaneti ya nyumbani hawaiangalii kabisa, ina uzito mkubwa hapa.

Sasa turudi kwenye simu zilizokwama. Njia yako ya kupakia ni megabiti 4, sawa na kilobaiti 500 kwa sekunde, na qBittorrent isipowekewa kikomo itaijaza yote. Kila data unayoipokea kwa njia ya TCP, utaratibu wa kawaida wa kusafirisha data kwenye intaneti, inapaswa kujibiwa na kompyuta yako kwa pakiti ndogo ya kuthibitisha kwamba imefika, na mtumaji asipoipata thibitisho hiyo kwa wakati hupunguza mwendo. Thibitisho hizo hupita kwenye njia ileile ya kupakia, na ruta nyingi za bei nafuu zina ghala kubwa la kusubirishia pakiti, hivyo thibitisho yako hukaa humo kama bajaji iliyonaswa nyuma ya foleni ya malori ya Tunduma. Matokeo yake ni kwamba kupakia kukizidi, kupakua hushuka, na ujumbe wa WhatsApp nao unakwama kwenye foleni hiyohiyo. Kununua kifurushi kikubwa zaidi kungeongeza upana wa kupakua ambao hata huu ulionao huutumii.

Hili unaweza kulithibitisha jioni ya leo bila kununua chochote. Simamisha torenti, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ping 8.8.8.8 -t, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi hadi seva ya Google, kisha uangalie milisekunde zinazotajwa katika kila mstari. Ziache zipite kwa dakika moja, halafu washa torenti huku ukiendelea kutazama. Kama namba zilizokuwa za makumi au mia moja na kitu zinapanda hadi kuzidi elfu moja, au mistari mingine inaanza kusema kwamba muda wa kusubiri jibu umekwisha, basi foleni umeiona kwa macho yako. Sasa nenda kwenye mipangilio ya kasi ya qBittorrent, weka kikomo cha kupakia cha kilobaiti 350 kwa sekunde, na utazame tena. Namba zinapaswa kushuka ndani ya muda mfupi, na kasi ya kupakua ianze kupanda. Zikibaki juu, teremsha kikomo hadi 300, kisha 250. Kanuni ninayoifuata ni kuanza na asilimia 70 ya kipimo cha kupakia, lakini kwa 4G kipimo chenyewe hubadilika kulingana na wingi wa watu walio kwenye mnara, kwa hiyo kikomo kinachofaa alfajiri kinaweza kuwa kikubwa mno saa mbili usiku. Chagua kile kinachofaa wakati mbaya zaidi.

Hapa kuna mtego ambao watu huingia wakidhani wanajisaidia. Katika qBittorrent, kuandika sifuri kwenye kikomo hakuzimi kupakia, bali kunaondoa kikomo kabisa. Wanaoligundua hilo huandika 1, na hapo hukosea upande wa pili, kwa sababu mshiriki anayetoa kilobaiti moja huwekwa mwisho wa mstari na wenzake.

Jambo la pili la kurekebisha ni idadi ya miunganisho. Kwa kawaida qBittorrent huruhusiwa kufungua hadi 500 kwa jumla na 100 kwa kila torenti, na kila muunganisho hupewa mstari wake katika jedwali ambalo ruta hutumia kukumbuka nani anazungumza na nani. Ruta ndogo za laini ya simu zina kumbukumbu finyu, na jedwali likijaa, miunganisho mipya ya kila kifaa nyumbani hukataliwa au hucheleweshwa. Weka 150 kwa jumla na 50 kwa torenti moja, na usipakue torenti zaidi ya mbili kwa pamoja. Kasi haitapungua, kwa kuwa washiriki kumi wazuri wanatosha kuijaza njia ya megabiti 18.

Sasa nizungumzie ushauri wa kufungua poti, ambao si wa uongo, ila hauendani na laini yako. Kampuni za simu hazina anwani za IP, yaani namba za kukutambulisha kwenye intaneti, za kutosha kumpa kila mteja ya kwake, kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fungua ukurasa wa usimamizi wa ruta, tafuta anwani iliyopewa upande wa intaneti, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote inayokutajia anwani yako. Kama kwenye ruta unaona anwani inayoanzia kati ya 100.64 na 100.127, ambayo ni safu iliyotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo mahsusi, au inayoanza na 10, na tovuti inakutajia nyingine kabisa, basi uko nyuma ya mlango wa kampuni. Poti utakayofungua kwenye ruta yako itafunguka kwenye ukumbi wa ndani tu. Alama ya moto ambayo pengine unaiona chini ya dirisha la qBittorrent inamaanisha hilo, kwamba hakuna mshiriki wa nje anayeweza kuanzisha muunganisho na wewe.

Je, hilo ndilo linalokuchelewesha? Kwa maoni yangu, hapana, na naona jambo hili limekuzwa kupita kiasi. Wewe bado unaweza kuwaanza wengine, na kwa torenti ya Ubuntu yenye mamia ya watu walio na faili zima na poti zilizo wazi, hutakosa wa kumfuata. Hasara inaonekana kwenye torenti ndogo yenye washiriki watatu au wanne ambao nao wamefichwa nyuma ya milango ya kampuni zao, hapo mnaweza kukaa siku nzima bila kufikiana. Kama laini yako ina IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi, iwashe kwenye ruta, kwa sababu huko hakuna haja ya kugawana anwani, ingawa kampuni nyingine huzuia miunganisho inayoingia kutoka nje hata huko. Msomaji wa Iringa mjini au Mafinga mwenye faiba na anwani yake mwenyewe ndiye wa kufungua poti, na namba yoyote kati ya 49152 na 65535 itamfaa.

Kuhusu VPN, swali la msingi ni kama kampuni inabana torenti kwa makusudi, na hilo hupimwa kabla ya kutibiwa. Ukishaweka vikomo nilivyotaja, pakua faili lilelile la Ubuntu moja kwa moja kutoka tovuti yao kupitia kivinjari, katika saa ileile. Kivinjari kikipata megabaiti 1.5 na torenti ikabaki kwenye 180, una sababu ya kushuku, na hatua ya kwanza ni kuilazimisha qBittorrent itumie usimbaji, yaani kuficha data isitambulike njiani, katika mipangilio ya BitTorrent, kisha kupima upya. Vyote viwili vikiwa taratibu, tatizo ni la njia nzima, na torenti haihusiki. Usisahau kwamba intaneti yetu hutegemea sana nyaya za baharini, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, hakuna mpangilio wa programu ambao ungemsaidia mtu. VPN huongeza safari ya data na nyingi za bure zina kasi ndogo kuliko uliyonayo sasa. Zaidi ya hayo, TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaohitaji kutumia VPN watoe taarifa, kwa hiyo si kitu cha kuweka shuleni bila kumshirikisha mkuu wa shule. Ubuntu na Wikipedia husambazwa kwa ruhusa ya wenyewe, hivyo huna cha kuficha. Kwa filamu na muziki wa watu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ni habari nyingine.

Mambo ya ndani ya nyumba nayapitia haraka, kwa kuwa kipimo chako kimeonyesha kwamba yako sawa. Pima mara moja kwa waya badala ya Wi-Fi ili kuondoa shaka, na ruta ikae dirishani upande wa mnara, mbali na ukuta wa bati. Kama lazima utumie Wi-Fi ya 2.4 GHz mahali penye nyumba zilizobanana, chagua kati ya chaneli 1, 6 na 11.

Linabaki suala la Wikipedia, ambalo ni zito kuliko Ubuntu. Faili la Kiingereza lenye picha linazidi gigabaiti 100, na hata kwa megabaiti 2 kwa sekunde bila kusimama ni zaidi ya saa 13. Soma masharti ya kifurushi chako kabla ya kuanza, kwa sababu vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hushusha kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi, na unachopakia nacho kinaweza kuhesabiwa. Kama kifurushi ni finyu, lipo toleo lisilo na picha ambalo ni dogo zaidi, na kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza unaweza kuanza na la Kiswahili, ambalo ni dogo mno ukililinganisha na la Kiingereza. Mahali pa kuhifadhi pia paangaliwe mapema: flashi au diski ya nje iliyoumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo Ubuntu yenyewe itagoma kunakiliwa humo, na programu inaweza kukupa ujumbe wa kukosa nafasi hata kama diski ni tupu. Iumbize kwa exFAT au NTFS ikiwa bado haina kitu, kisha uanze kupakua usiku wa manane, wakati mnara una watu wachache.