Kodi na nauli zihesabiwe pamoja

Mmeuliza wiki hii, je bei ya nyumba ndio inawahamisha Wakenya mji mmoja kwenda mwengine? Kwa huku Mombasa, mtu akishindwa na kodi hapandi basi la Nakuru, anasukumwa kidogo kidogo nje ya kisiwa. Anaanza Majengo, chumba kwa nyumba ya Kiswahili, choo cha pamoja. Na hapo Majengo wazee wengi wana nyumba lakini ardhi si yao, wanalipia kiwanja tu, mwenye ardhi akiuza kwa mtu wa maghorofa basi wapangaji wote nje. Anaenda Kisauni, Kisauni nayo inapanda, anaishia Mtwapa, na Mtwapa ushaingia Kilifi, yani mtu kahama kaunti na kazi yake bado iko Mwembe Tayari, kule kisiwani!

Sasa hapo nauli ndio inakuja kula kila kitu. Chumba cha Mtwapa kweli ni rahisi, lakini weka matatu ya kwenda na kurudi kila siku, na mvua ikinyesha tu makanga washapandisha, mwisho wa mwezi ile pesa uliyookoa huioni. Ndio mana Likoni, ng'ambo ya kisiwa, imejaa, feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, mtu anakaa Shika Adabu huko anavuka bila kutoa shilingi, na 2021 likafunguliwa lile daraja la miguu la Liwatoni. Lakini feri ikiharibika asubuhi unafika kazini saa nne, na bosi hataki kusikia mambo ya feri.

Kuhama mbali kunataka pesa jamani. Nairobi utaambiwa dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza pamoja, na mwenye kushindwa na kodi hapa atazitoa wapi hizo? Wenzetu wa kliaring, wale wa kutoa mizigo bandarini, walioenda kule baada ya kontena kuanza kupelekwa Nairobi na reli ya SGR walifuata kazi, nyumba hata hawakuifikiria, na kodi za kule wanazilia mpaka leo.

Nyumba za bei nafuu zikijengwa porini kusikokua na steji hazimsaidii mtu wa kibarua cha bandarini. Zijengwe karibu na kazi, ama nauli iwe bei moja mvua na jua. Na nyinyi mkirudi na swali kama hili, tuulizeni pia kila mmoja anatoa ngapi kwa matatu kwa mwezi, halafu muweke na kodi tuone.