Mtoto huyo atakuwa mtu mzima

Swali la wiki hii lilikuwa: "Mtoto mwenye usonji anahitaji nini zaidi kutoka kwetu?" Mimi nasema anahitaji tukumbuke kwamba atakua.

Hapa Kisumu, usonji (autism, yaani ubongo kukua kwa namna tofauti inayoathiri jinsi mtu anavyowasiliana na kuhisi mazingira) ukitajwa, tunazungumzia dalili, shule, na mama anayelaumiwa na wakwe zake. Ni mazungumzo ya maana. Lakini mtu huzaliwa na usonji na huzeeka nao. Mdogo wangu sasa ana ndevu. Alipomaliza shule alianza kushinda ndani, Manyatta, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Aliyemtoa nyumbani ni mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba Kibuye. Alituuliza tu kinachomsumbua ni nini. Tukamwambia: kelele, kusukumwasukumwa, na kupewa maagizo matatu kwa mpigo. Basi kijana huenda alfajiri, soko halijachangamka. Robota likifunguliwa hutafuta jozi na kuzipanga kwa saizi; akimaliza ndipo huelezwa kazi inayofuata. Jumapili, watu wanapofurika, haendi. Halazimishwi kumtazama mtu machoni wala kushikana mkono. Na analipwa sawa na wenzake! Wapo waliotaka afanye bure, eti ajishughulishe. Katiba ya 2010, Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, na Ibara ya 54 inataka mwenye ulemavu atendewe kwa utu na heshima. Hakuna panaposemwa haki hizo hukoma utotoni.

Barabarani ndiko tunakohofia zaidi. Kijana mrefu asiyejibu akiulizwa, anayepunga mikono akitembea, usiku pale Kondele anaweza kudhaniwa mlevi au mwizi, na sote tunajua umati hufanya nini. Ndiyo maana tulimpeleka kwa vijana wa boda wa steji yetu na kwa mzee wa nyumba kumi, wamjue sura. Kila mtaa ungeweza kufanya hivyo.

Kwa serikali ya kaunti: vyuo vya ufundi viko mikononi mwenu. Walimu wa ushonaji na useremala wafundishwe kutoa maagizo mafupi, wabandike ratiba ukutani wasiibadilishe ghafla, watenge chumba kitulivu. Nanyi wazazi wenzetu, mtoto akifikisha miaka 18 mchukulieni kitambulisho. Bila hicho hasajili laini kwa jina lake, na mshahara wake utaishia kwenye simu ya mtu mwingine.

Msomaji, Manyatta, Kisumu