Dalali akisema "kina hati", muulize hati gani

Ukitafuta kiwanja hapa Mbeya, iwe Iwambi, Uyole au kule Mbalizi, dalali atakuanza na neno lilelile: "Hiki kina hati, bosi." Nimejenga kwa mkopo wa benki na deni nimeshamaliza, kwa hiyo ndugu hunipigia kabla hawajatoa hela. Huwa nawaambia waombe kuiona hiyo hati, kisha wasome kichwa chake.

Maana karatasi nyingi huitwa hati. Makubaliano ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa yanaonyesha tu kwamba fulani kamuuzia fulani mbele ya mashahidi. Kwa Msajili wa Hati, ofisa wa serikali anayesajili umiliki wa ardhi, hayakuingizi kokote. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, kwa maeneo ya mjini yasiyopimwa. Ukienda kununua shamba kijijini, Rungwe au Mufindi, utakutana na hati ya hakimiliki ya kimila, iliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na hapo halmashauri ya kijiji ina neno lake. Hati miliki yenyewe ni ya kiwanja kilichopimwa: ina namba ya kiwanja, kitalu na muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Ndiyo, ina muda, kwa sababu ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe unapewa haki ya kuitumia kwa masharti, mojawapo kulipa pango la ardhi kila mwaka. (Usilichanganye na kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU.) Dai risiti za pango kwa muuzaji.

Kisha fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani omba waangalie kwenye daftari la usajili kiwanja ni cha nani na kama kimefungwa na deni. Binamu yangu alioneshwa kivuli cha hati, safi kabisa, akaambiwa halisi iko kwa kaka mtu Dar. Majibu ya upekuzi yalionyesha kiwanja kina rehani. Hati halisi ilikuwa kwenye kabati la benki.

Rehani ni hiyo: unabaki mmiliki, ila ukishindwa kulipa benki ina haki ya kuuza. Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako lazima aridhie kwa maandishi. Wanaume wenzangu hulalamika hapa. Mimi naona sheria imefanya la maana.

Ukiomba mkopo kwa rehani hiyo, mthamini ataandika thamani mbili, ya soko na ya mauzo ya haraka. Benki hupenda kuangalia ile ndogo, kwa hiyo usipige hesabu za ujenzi kwa kubwa.

Kwenye riba ndipo watu huumia. Uliza: inahesabiwa kwenye mkopo wote au kwenye salio linalopungua? Chukua milioni 20, riba asilimia 15 kwa mwaka, miaka 5. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho, riba ni milioni 15 na rejesho ni kama 583,000 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye salio, rejesho ni kama 476,000 na riba yote haifiki milioni 9. Asilimia ni ileile. Afisa mikopo akikutajia asilimia tu, mwombe akuchapie jedwali la marejesho ukasome nyumbani. Uliza pia kama riba inaweza kupanda katikati ya safari, na kama kuna faini ya kumaliza deni mapema.

Ukimaliza, usiridhike na barua ya kukupongeza. Dai hati yako halisi pamoja na fomu ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki, uipeleke kwa Msajili. Baada ya hapo omba upekuzi mwingine, uhakikishe lile ingizo la rehani limefutwa.