Wakili mchanga aliyeajiriwa: majibu kwa wasomaji wa Lamu na Malindi

Shikamoo, wakili. Nimeapishwa juzi. Ofisi moja ya Malindi imenipa kazi, lakini mkubwa hataki kuniandikia barua, asema tutaelewana. Nikubali? (Shela, Lamu)

Marahaba, mwanangu. Usianze bila barua. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka ajira ya miezi 3 au zaidi iandikwe, na ofisi za mawakili hazikusamehewa. Mshahara utajwe, likizo isipungue siku 21 za kazi kwa mwaka. Uliza pia nani atalipia leseni yako, maana huisha kila tarehe 31 Desemba, na bila leseni huruhusiwi kumsimamia mtu kortini.

Mteja anayenunua shamba Watamu ameweka pesa kwetu. Mkubwa ataka tulipie kodi ya ofisi, tuzirudishe mwisho wa mwezi. Mimi ni mwajiriwa tu, nifanyeje? (Malindi)

Kataa, ndugu yangu, hata kama ni kwa siku moja. Pesa za mteja hukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na za ofisi. Mwandikie mkubwa wako kwa adabu kwamba hutahusika, na ubaki na nakala. Hilo la "mwajiriwa tu" halitakuokoa: kwenye orodha ya mawakili kuna jina lako mwenyewe, na ukipelekwa mbele ya Jopo la Nidhamu laweza kufutwa. Mfikirie na mnunuzi. Pwani hii kuna watu waliozikwa kwenye ardhi waliyoilima maisha yao yote bila hati. Anayepata nafasi ya kununua kipande halali huenda amechangiwa na ukoo mzima. Mkubwa akishikilia, tafuta ofisi nyingine.

Natumwa kortini na faili nisizozisoma, niombe tu kesi iahirishwe. Ni sawa? (Malindi)

Si sawa. Zisome usiku wake, hata kama siku hiyo kesi inatajwa tu, yaani haisikizwi. Mteja wa Pate huvuka bahari hadi Mokowe, kisha apite Garsen ndipo afike Malindi. Inauma akiambiwa tarehe nyingine. Ukijua mapema kwamba kesi haitasikizwa, mpigie simu kabla hajapanda boti, na uiombe mahakama ahudhurie kwa video.

Ndugu wagombania nyumba ya marehemu baba yao Mkomani. Niende kwa Kadhi? (Lamu)

Ndiyo, ikiwa wote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa naye. Ibara ya 170 ya Katiba yasema hivyo. Mmoja akikataa, usimlazimishe; fungua shauri la mirathi katika mahakama ya kawaida.