Mtoto amekua: tumbadilishie kiti cha gari lini?

Mwanangu ana mwaka na miezi miwili. Miguu inagota kwenye mgongo wa siti, na baba yake anasema tumgeuze atazame mbele. (Mama, Dodoma)

Msimgeuze bado, mama. Miguu ataikunja mwenyewe, wala haimsumbui kama inavyotusumbua sisi tukimtazama. Hofu yangu ni shingo. Kichwa cha mtoto huyu ni kizito kulinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa kiwiliwili na mikanda huku kichwa kikirushwa. Anayetazama nyuma hupokelewa na kiti kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kanuni ya viti vya watoto vya gari inayotumika Ulaya, R129, hairuhusu kumgeuza kabla ya miezi 15, na madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri abaki hivyo hadi afike kikomo cha urefu au uzito cha kiti chenyewe. Kikomo kimeandikwa kwenye lebo ubavuni. Someni hiyo, msihesabu birthday.

Kwenda sokoni tu, dakika kumi, siwezi kumpakata?

Hapana. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anavuta kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mikono inayoushika, hata ya mama.

Binti yangu wa miaka 6 amebanwa na kiti chenye mikanda yake. Sasa avae mkanda wa gari kama sisi? (Baba, Nakuru)

Hapa ndipo wazazi wengi tunaruka hatua. Mkanda wa gari umepimwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto mfupi, kipande cha chini hupanda tumboni na cha juu hukata shingoni. Ajali ikitokea, kinachobanwa ni utumbo na ini badala ya mifupa ya nyonga. Mnunulie kiti cha kumwinua, ikiwezekana chenye mgongo, ambacho hutumia mkanda uleule wa gari. Kinahitaji mkanda wa kiunoni na begani. Siti ya katikati yenye mkanda wa kiunoni peke yake haifai.

Atakiacha akifika kati ya sentimita 135 na 150, kulingana na sheria za nchi. Mimi napendelea umjaribu: mgongo uguse siti, magoti yakunjike ukingoni, mkanda ulale juu ya mapaja na katikati ya bega, na aweze kukaa hivyo safari nzima bila kuteleza. Wengi hawafaulu kabla ya miaka 10, na baadhi hufika 12. Akilalamika kwamba wenzake hawakalii, mvumilie tu.

Nimeona kiti cha mtumba, bei nzuri. Ninunue?

Kama unamjua aliyekitumia na ana hakika hakijapata ajali, sawa. Plastiki huweza kupasuka ndani bila kuonekana. Tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye lebo. Lebo ikiwa imebanduliwa, kiache.

Mtoto mchanga naweza kumweka mbele, nimwone ninapoendesha?

Kiti kinachotazama nyuma kisikae kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Ukifumuka hukipiga kiti mgongoni, palepale kilipo kichwa cha mtoto. Mweke nyuma. Na lile blanketi mlilotoka nalo hospitali, mfunike juu baada ya kumfunga mikanda, lisikae kati ya mkanda na mwili.