Hiyo "get" ina maana ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninajifunza Kiingereza mwenyewe, kwa kamusi na redio. Kitenzi kinachonishinda ni "get". Juzi nilikikuta mara sita kwenye ukurasa mmoja, na kila nikiweka "pata" ni sentensi moja tu inayokubali. Nimeanza kuorodhesha maana zake kwenye daftari, nimefika ya thelathini na moja. Je, ziko ngapi, na nitazishikaje zote?

JIBU: Marahaba. Hilo daftari lifunge kwanza. Nami nilikuwa nalo la namna hiyo nilipoanza kazi ya kutafsiri, na siku nilipolihitaji kwa jambo la maana liliniangusha.

Bibi mmoja jirani yangu aliniletea barua ya shemeji yake anayeishi ughaibuni, nimsomee. Ndani yake mlikuwa na sentensi fupi juu ya kaka wa huyo bibi: "He is getting on now." Daftarini mwangu "get on" ilikuwa ni kuendelea, maana watu huulizana "How are you getting on?", yaani unaendeleaje. Nikamwambia, "Kaka yako anaendelea vizuri." Akamshukuru Mungu, akaikunja barua, akaenda zake. Usiku ndipo mistari iliyofuata iliponirudia kichwani: kwamba siku hizi ngazi zinamshinda, na kitanda chake wamekihamishia chini. Mtu anayeendelea vizuri hahamishiwi kitanda. "Getting on", ikisemwa juu ya mtu ambaye hakuna aliyeuliza hali yake, mara nyingi ni umri kumwendea. Shemeji alikuwa anamwambia kwamba kaka amezeeka, aje amwone. Asubuhi na mapema nilipiga hodi kwa bibi yule nikamsomea upya, neno kwa neno, nikamwomba radhi.

Tangu siku hiyo siulizi tena "get" ina maana gani. Nauliza imefuatana na nini.

Ikifuatwa na kitu, "pata" yako inakaa vizuri: "get a letter", pata barua. Hapohapo kuna kuleta na kwenda kuchukua: "Get me that chair", niletee kile kiti. Ikifuatwa na mahali, ni kufika: "We got there at nine", tulifika saa tatu. Haya hayana shida, tusiyakalie.

Wengi hukwama pale inapofuatwa na neno la hali, na hapo Kiswahili chako kitakufaa kuliko kamusi yoyote. Chukua "get tired", "get wet", "get old", "get lost", "get broken". Mwingereza anahitaji maneno mawili: "get" inasema hali imebadilika, la pili linaitaja hali yenyewe. Sisi tunasema choka, lowa, zeeka, potea, vunjika, basi. Mabadiliko yamo ndani ya kitenzi. Ndiyo maana hulioni neno la kuitafsiri "get": ulishalisema bila kujua.

Tuchukue kikombe. "The cup is broken": kikombe kimevunjika, kiko pale vipande vipande, unaeleza hali yake. "The cup got broken": kikombe kilivunjika, unasimulia tukio. Kiingereza kimebadilisha kitenzi kizima kutoka "is" kwenda "got", sisi tumebadilisha "-me-" ikawa "-li-". Jaribu na uchovu: "he is tired", amechoka, "he is getting tired", anaanza kuchoka, "he got tired", alichoka. Ukishaliona hili mara moja, nusu ya zile maana thelathini na moja zinakuwa maana moja.

Angalia tu usije ukateleza kwenye "get married". Kiingereza hakijali ni nani. Sisi tunajali: "he got married" ni alioa, "she got married" ni aliolewa, "they got married" ni walioana. Kabla hujatafsiri, jua kwanza anayezungumziwa ni nani.

Ikifuatwa na mtu kisha kitendo, "get" ni kumfikisha mtu kwenye kufanya jambo. Mimi hapa napenda kuipima pamoja na jirani zake. "I made him sign": nilimlazimisha atie sahihi. "I had him sign": nilimtaka atie sahihi, naye akatia, hapakuwa na mvutano. "I got him to sign": hakuwa tayari, nikambembeleza au nikatafuta njia, hatimaye akatia. Yule atakayeandika "nilimfanya atie sahihi" kwa zote tatu atakuwa amepoteza jasho lote lililomo kwenye ile ya mwisho. Na ikifuatwa na kitu kilichofanyiwa kazi na mwingine, sisi tuna mnyambuliko wetu: "I got my shirt sewn", nilishonesha shati.

Sasa igeuze, umfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili, ambaye daftarini ameandika kwamba "pata" ni "get". Anasikia "kisu hiki hakipati", kumbe ni butu. Anasoma "watu wapatao mia", kumbe ni kadiri ya watu mia. Anaambiwa "sijapata kuona jambo kama hili", na jua nalo linapatwa. Anaumia palepale unapoumia wewe. Kitenzi kinachotumika kila saa hubebeshwa mizigo ya kila aina, katika lugha zote mbili. Lakini mara nyingine vitenzi hivi viwili hukutana mpaka inafurahisha: "Unanipata?" ni "Do you get me?" hasa, na "nilipata kumwona" ni "I got to see him".

Umeuliza idadi. Hesabu hubadilika kwa kadiri mhariri anavyokata maana nyembamba au nene. Kwenye chapa ya pili ya kamusi kubwa ya Oxford, ya mwaka 1989, kitenzi "set" ndicho kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote. Wahariri walipomaliza kuipitia upya "run", ilitangazwa mwaka 2011 kwamba kitenzi hicho peke yake kina maana 645. Aliyezihesabu alikuwa mtaalamu, na ilikuwa ndiyo kazi yake. Wewe ukilifungua tena daftari, usiandike maana. Andika sentensi nzima kama ulivyoikuta, na ile iliyoitangulia, na ile iliyofuata.

SWALI: Bosi wangu ameifuta kila "get" kwenye barua niliyoandika. Je, ni neno la mtaani?

JIBU: Hapana, ni Kiingereza halali kabisa. Ila ni neno la mazungumzo zaidi, na barua za ofisini hupendelea "receive", "obtain" na "become". Hizo mbili za kwanza zilipitia Kifaransa, na mpaka leo zimevaa kirasmi. Mfuate bosi wako kwenye barua. Ukiwa unaongea, "I obtained wet" itamshangaza kila mtu.

SWALI: Mwalimu, kwenye filamu za Marekani nasikia "gotten". Mimi nilipoiandika kwenye mtihani nilikatwa alama. Nani amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea, na pole kwa alama zako. "Gotten" ni umbo la zamani. Walowezi walivuka nalo bahari, Marekani ikalitunza, Uingereza ikaliacha. Lakini Wamarekani hawaliweki kila mahali, na tofauti wanayoifanya inapendeza. "I've got a ticket" kwao ni ninayo tiketi. "I've gotten a ticket" ni nimepata tiketi. "I've got to go" ni lazima niende. "I've gotten to go" ni nimepata nafasi ya kwenda. Kwa hiyo "I've gotten two brothers", kwa mtu anayetaka kusema ana kaka wawili, hata Marekani ni kosa.

Kwenye mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, andika "got". Ila ukipenda kujua lile umbo la zamani limejificha wapi kwa Waingereza, litazame neno "forget". Ndani yake mna "get" ileile ya kushika, yenye ndugu yake "geta" katika lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza tangu karne ya 9. Kusahau ni kuachia ulichokuwa umekishika. Na wakitaka kusema wamesahau, Waingereza wenyewe bado wanasema "forgotten".