Bastola ndogo inanipiga teke: tatizo ni chuma au ni mkono?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nauza mbao hapa Mafinga, na mwaka huu nimepata leseni ya bastola kwa sababu ya safari zangu. Kwenye mafunzo nilipewa bastola kubwa ya chuma, nikapiga vizuri tu. Hii yangu ni ndogo, ya milimita 9, nyepesi kama simu mbili. Kila nikifyatua inaruka kama inataka kunitoka mkononi. Nikifika risasi ya ishirini, ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada imeshachubuka, na matundu yote kwenye karatasi yako chini, upande wa kushoto. Natumia mkono wa kulia. Je, ina hitilafu? Nibadilishe risasi, au niiuze nichukue ya risasi ndogo zaidi?

JIBU: Marahaba, mama. Usiiuze bado.

Umeniletea matatizo mawili ukayafunga kwenye furushi moja. Ngozi kuchubuka, hilo ni teke. Matundu ya chini kushoto ni jambo jingine, nitalifikia.

Tuanze na teke. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, na kwenye mtutu mfupi hutoka kwa kasi ya kama mita 330 kwa sekunde. Msukumo uleule unaoipeleka mbele unairudisha bastola nyuma, na gesi ya baruti inaongeza wake. Bastola ya kilo 1 itarudi kwa kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde. Ya nusu kilo itarudi kwa mita 6. Ukipiga hesabu ya nishati, ile nzito inakuletea mkononi jouli 4 na nusu hivi, nyepesi inakuletea 9. Risasi ni ileile, mkono ni uleule, teke ni mara mbili. Kwa hiyo bastola yako haina hitilafu. Ulinunua wepesi wa kubeba, na bei yake unailipa pale unapofyatua.

Usikimbilie risasi ndogo pia. Bastola nyingi za ile risasi iitwayo milimita 9 fupi, ambayo ni ndogo kuliko yako, mfano Walther PPK ya tangu miaka ya 1930, hazina kufuli kati ya mtutu na kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ambacho wengi tunakiita slaidi. Kinachoizuia slaidi ni uzito wake na springi tu, basi inarudi kwa nguvu na kuuma ngozi. Nimeona watu wakihamia huko kutafuta nafuu wakakuta teke kali kuliko walilolikimbia. Tena kubadili silaha si kama kubadilishana simu sokoni Mwanjelwa. Chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015 utaanza tena safari ya polisi na makaratasi. Kwenye risasi, angalia tu boksi lisiwe na alama ya +P, maana hizo zimejazwa nguvu ya ziada. Na mtu akikuambia atakukatia au kukubadilishia springi ili teke lipungue, mshukuru, uondoke.

Sasa mkono. Wewe unaishi na watu wa chensoo. Umewaona: mzoefu anazungusha dole gumba chini ya mpini, anaukumbatia, viwiko havijafungwa wala havijalegea. Anayeshika kwa vidole vya juu juu ndiye mashine inamrukia usoni. Bastola ndogo inataka ushikaji wa mtu wa kwanza.

Mkono wa kulia upande juu kabisa, ile nyama kati ya dole gumba na shahada ijibane chini ya mkia wa bastola, ile ncha ya nyuma juu ya mpini, pasibaki nafasi hata ya kupitisha karatasi. Kadiri mkono unavyokaa chini ya mstari wa mtutu ndivyo mdomo unavyopata nafasi ya kuinuka. Ni sawa na kushika jembe mwisho wa mpini ukataka kulizuia lisipinde. Na kuchubuka kwako, nahisi, kunatokana na nafasi hiyo: bastola inarudi kwanza ikiwa peke yake, halafu ndiyo inagonga ngozi. Ikikaa imebana, inausukuma mkono mzima bila kuusugua.

Mkono wa kushoto ndio wenye kazi ya kubana. Kiganja chake kizibe sehemu ya mpini iliyobaki wazi, vidole vifunike vya kulia, madole gumba yote mawili yakae upande wa kushoto yakitazama mbele. Usipitishe dole gumba la kushoto nyuma ya slaidi hata siku moja. Itarudi na kulipasua, nami ninalo kovu la somo hilo. Kidole cha mwisho kikikosa pa kushika, nunua magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) yenye kitako kirefu au uvishe mpini soksi ya mpira. Vitu vidogo, lakini kwenye bastola yako vitasaidia kuliko ushauri mwingi.

Usimsikilize anayesema ushike legelege ili mkono umeze teke. Kifundo kikilegea, slaidi inakosa pa kuegemea, haimalizi safari yake, na ganda la risasi linabanwa kwenye mlango wa kutokea likiwa limesimama wima kama bomba la moshi. Kifua kiegemee mbele kidogo, uzito uje kwenye vidole vya miguu. Wengi wetu tukiogopa tunajiegemeza nyuma, na hapo teke linakukuta tayari unaanguka.

Tuje kwenye yale matundu. Teke linainua mdomo wa mtutu juu. Risasi nayo inatoka ndani ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, bastola ikiwa imesogea kidogo mno. Sasa teke la kwenda juu, linalokuja risasi ikiwa imeshaondoka, linawezaje kupeleka matundu chini? Haliwezi. Aliyeyapeleka ni wewe, kabla ya mlio. Mwili umeshajua kitakachokuja, unakaza vidole vyote na kuisukuma bastola chini ili kuiwahi.

Mwombe mwalimu wa uwanjani akupakilie magazini, achanganye risasi za kweli na bandia bila wewe kujua mpangilio. Hivi karibuni nilimfanyia hivyo mzee mmoja aliyeapa kwamba bastola yake imepinda. Risasi ya tatu ilikuwa bandia. Kukasikika "ta" kidogo, na mdomo wa mtutu ukashuka kama kuku anayedonoa mahindi. Hakuna mlio, hakuna moshi, ila mkono ulidonoa. Alicheka mwenyewe, na kuanzia hapo hakuitukana tena ile bastola.

Dawa yake ni polepole. Bonyeza kifyatulio kwa mwendo mmoja, mlio ukushtue. Vaa kinga ya masikio nzito, hata mbili kwa pamoja, pamoja na miwani. Nusu ya hofu hiyo inaletwa na kishindo, si teke. Risasi thelathini kwa siku zinatosha. Ukiona umeanza kudonoa, acha; ukiendelea hadi mia utakuwa unajifunza kudonoa. Mazoezi makavu fanya hapohapo uwanjani mbele ya mwalimu: bastola tupu, mmeikagua wawili, risasi ziko mbali, mdomo unatazama tuta la udongo. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na mdomo, kisha bonyeza. Ikianguka, rudia. Siku utakayobonyeza mara kumi mfululizo haijaanguka, ndipo urudishe risasi za kweli.

Na kwa kuwa uko Mafinga: asubuhi za Juni na Julai vidole vinakufa ganzi na ushikaji wote huu unakuwa hadithi. Nenda saa nne jua limeshatoka, au shika kikombe cha chai ya moto dakika kumi kwanza. Ganzi ikibaki mkononi hadi kesho yake, hapo mwone daktari kabla ya kuniona mimi.